Hajapewa Jina

Ghala, ghorofa ya tano. Nje lami inanata viatuni,
ndani kiyoyozi kimenivalisha sweta mwezi wa Agosti.
Naandika kiundaji.

Ni mlango wa kuingilia kuwepo.
Kabla yake hakuna kitu, kuna ramani ya kitu,
ngeli bila neno,
KI-VI kabla ya kiti, kabla ya kijiko.
Ukikiita, mashine hukutengea nafasi,
chumba chenye taka za mpangaji aliyehama,
na kazi ya kiundaji ni kufagia, kupanga, kujaza,
ili atakayebisha hodi baadaye
asikanyage kisichokuwepo.

Mstari wake wa kwanza humwita mzazi.
Hilo halina mjadala: mwana hasimami
mpaka aliyemtangulia asimamishwe.
Nilipojifunza nilicheka, nikasema
lugha hii imezaliwa Omani:
Asila binti Khalfan bin Suleiyum bin —
jaribu uanzie katikati, uone.

Nilikuwa mkali. Mfumo wa wodi ya wazazi, Sib:
Mtoto (mama, saa, uzito, jina).
Kimoja kikikosekana, haundwi.
Varghese wa meza ya pili, kwa Kiarabu chake cha sokoni:
"Mpe jina la awali. Weka nukta, weka chochote, twende tukalale."
Nikakataa. Kitu nusu kina madhara
kuliko kukosa kitu.

Usiku wa Alhamisi, saa nane kasoro robo, simu.
Muuguzi Jokha: "Dada, mashine yako inamkataa."
Msichana, kilo tatu na gramu mia,
namsikia, sauti kama bawaba kavu.
Wazazi wanangoja siku ya saba;
babu yuko njiani kutoka Sur, jina analo mfukoni.
Bila jina hakuna kadi, bila kadi hakuna lebo,
bila lebo chanjo haitoki kabatini.
Kwenye skrini: KITU HAKIWEZI KUUNDWA.
Na yeye ameshaundwa, vidole vyote ishirini,
hakungoja ruhusa yangu.

Nikafungua kompyuta juu ya meza ya jikoni.
Mama akaamka kunywa maji.

Kitambulisho chake kinasema Januari mosi.
Alipofika Maskati karani alimuuliza, lini?
Akajibu: Wete, siku kanzu ya baba ilipoungua kwa pasi ya mkaa.
Fomu haikuwa na sehemu ya pasi.
Karani akajaza cha awali.
Bi Zuwena wa nyumba ya pili, Januari mosi.
Mumewe, Januari mosi.
Kila mwaka benki humpongeza mama kwa ujumbe,
naye hunipa simu: "Wajibu, waambie wamekosea nyumba."

Basi ndiyo hiyo thamani ya awali:
jibu la haraka
linalowafanya wote waache kuuliza.

Na utupu je? Mashine ina neno moja tu la utupu;
aliyenyimwa, aliyekataa, anayesubiri,
wote hulazwa humo, kitanda kimoja.
Lakini sisi jikoni hapa tunasema

hana jina,
hakupewa jina,
hajapewa jina,

na katika ile *ja*, silabi moja,
mzee mmoja anaendesha gari usiku kucha kutoka Sur.

Nikaliondoa jina mlangoni.
Nikabakiza mama, saa, uzito: alivyokuja navyo.
Jina nikalijengea chumba chake ndani,
na juu ya mlango nikaandika BADO,
na sharti: asiyejua kusoma BADO
asiruhusiwe kufungua.
Nikajaribu mara tatu. Mara ya pili nilisahau nukta-mkato.

Jokha akapiga: "Ameingia."

"Nani ameingia?" mama, bilauri mkononi.
"Mtoto."
"Anaitwa nani?"
"Bado."
"Bado," akarudia taratibu,
kama anayempima mtu nguo mpya mabegani,
akazima taa ya ukumbini, akaniachia ya jikoni.